Marehemu Hawakutoa Ushirikiano

Idara ya Maana na Matumizi ya Viwanja ilikuwa na furaha isiyo kifani kuujulisha umma kwamba, kuanzia Jumatatu, kila kiwanja kitakuwa na maana moja na matumizi ya aina moja, kwa kadiri watu watakavyohesabiwa wakikitumia. Zile siku za mtu kufika mahali asijue amefika wapi zilikuwa zimekwisha.

Kazi ya kuhesabu alipewa karani mmoja mwembamba, kazini wakimwita Kalamu Mbili, kwa sababu alitembea na moja ya kuandikia na moja ya akiba. Msimcheke. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa mwaminifu tu, na hayo ni maradhi ambayo ofisini hayana dawa.

Akaanza na uwanja wa kanisa. Alikaa pale kwenye kiti cha kukunja tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Waliokatiza kwenda sokoni, mia moja na wanne. Waliocheza mpira, kumi na saba. Kina mama walioanika magodoro, watatu. Wanakwaya waliogombania nani asimame mbele, sita. Marehemu, mia mbili na kumi na wawili. Hao aliwasomea dodoso mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika na kwa heshima zote, na hakuna aliyejibu. Kwenye safu yao akaandika: “Hawakutoa ushirikiano.”

Hesabu haina shemeji: asiyejibu hahesabiwi. Uwanja wa kanisa ukatangazwa kuwa njia ya mkato, na matumizi mengine yote, makaburi yakiwemo, yaondolewe ndani ya siku saba. Kazi ya kuyaondoa akapewa mchimba makaburi wa palepale, kwa kuwa ndiye mtaalamu aliyepo.

Mtaalamu mwenyewe, Mzee Sururu, alitokea idarani Jumanne akiwa amevaa shati lake la Jumapili, barua mkononi.

“Mwanangu,” alimwambia Kalamu Mbili, “mke wangu yuko pale, mstari wa tatu, karibu na ukuta. Nilimchimbia kwa mikono hii. Leo mnataka nimfukue kwa mikono hiihii?”

“Pole sana, mzee wangu. Ila barua inasema ‘ahamishwe’. Neno kufukua halimo.”

“Nimhamishie wapi? Chini ya kitanda?”

Kalamu Mbili alipekua kanuni zote. Hakuona popote palipokataza chini ya kitanda, lakini akaona haya kulisema. Akampa namba moja ya foleni ya rufaa. “Rufaa husikilizwa na Mkurugenzi. Kaa hapo kwenye benchi, atakuita.”

Mzee akakaa. Mkurugenzi akapita Jumanne simu sikioni. Jumatano akapita, simu sikioni. Alhamisi akapita akicheka na huyo wa kwenye simu. Ijumaa Kalamu Mbili alimletea mzee maji ya kunywa, roho ikimuuma, maana siku zilibaki tatu na macho ya mzee yalikuwa mekundu.

“Mwanangu, nikuulize kitu. Hapa mlishapahesabu?”

“Hapa wapi?”

“Jengo hili. Kwani linaelea?”

Kalamu Mbili alisikia masikio yakipata moto. Aibu gani hii! Idara nzima imekaa mahali pasipojulikana maana yake! Alifungua kiti cha kukunja papo hapo na kuhesabu hadi saa tisa. Wanaongoja, arobaini na wanane. Wanaosinzia, tisa, aliowaunga na wa kwanza kwa kuwa walisinzia huku wakingoja. Maofisa wanaokunywa chai, wanne. Wanaohudumiwa, hakuna. Maana ya jengo: mahali pa kungojea. Akapeleka jalada kwa Mkurugenzi, naye akalisaini bila kulitazama, mkono ukienda kama anafukuza nzi.

Sasa kulikuwa na Kanuni ya Tisa, aliyoitunga Mkurugenzi mwenyewe ili wakubwa wamwone: majengo ya Idara yatatii bila kuchelewa, yawe mfano. Jumatatu asubuhi alikuta meza yake, kiti chake cha ngozi na birika lake viko nje juani, na chumbani mwake mabenchi kumi na moja.

“Kalamu Mbili! Nani kaidhinisha upuuzi huu?”

“Wewe, kiongozi. Saini yako hii hapa, imetoka vizuri sana.”

“Futa!”

“Kufuta ni rufaa, kiongozi. Namba yako ni hamsini na nane.”

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja mwenye mtoto akajisogeza: “Karibu, baba. Linaumiza kiuno, ila utazoea.”

Mkurugenzi akakaa, jasho likimtoka. “Namba moja nani?”

“Mimi,” akasema Mzee Sururu. “Siku ya tano ya kazi leo.”

“Kwa nini unazuia foleni?”

“Nizuie mimi, baba? Mwenye kuita si wewe?”

Mkurugenzi akaipokonya barua, akaiweka pajani, akaandika kwa haraka: makaburi yabaki, na njia, na mpira, na magodoro, na kwaya, pasiguswe kitu. Akagonga muhuri uliokuwa mfukoni. Nusu dakika haikuisha. Mzee aliisoma mara mbili, machozi yakamdondoka hadharani, akatoka mbio kama kijana, hata kuaga hakuaga.

Kwa mwendo ule foleni yote ilisikilizwa kabla ya saa sita, watu hamsini na saba, jambo ambalo Idara haikuwahi kulifanya tangu izaliwe.

“Hamsini na nane!” Mkurugenzi akajiita, akasimama. “Rufaa yangu nani anaisikiliza?”

“Mkurugenzi,” alisema Kalamu Mbili.

“Mkurugenzi si ni mimi?”

“Ndiyo, kiongozi. Na mtu haruhusiwi kusikiliza rufaa yake mwenyewe.”

Mkurugenzi alitazama mabenchi matupu, kisha akaketi taratibu. “Kwa hiyo?”

Kalamu Mbili alitoa ile kalamu ya akiba, akaweka alama kwenye fomu.

“Kwa hiyo jengo linatumika ipasavyo.”