Vikumbo vya Mama Janat

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku mbaya. Nilikuwa nafundisha Kiingereza cha watu wazima katika chumba changu cha ghorofani, hapa Kisii mjini. Hodan, mwenye duka la vitambaa, ambaye sote tunamwita Mama Janat, akainua mkono. Alikuwa amesikia neno redioni. "Jostle". Akauliza maana yake.

Sikuijua. Ningesema sijui, lakini mlango ulikuwa wazi na Eucabeth alikuwa anapita. Eucabeth amefungua darasa lake la Kiingereza mkabala na langu. Ana digrii. Ana kalamu za rangi za ubaoni. Tangu aje, viti vyangu vinabaki wazi.

Basi nikasema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na neno hilo, kwamba "jostle" ni kumpokea mgeni kwa furaha, mabega wazi. Hayo mabega sijui yalitoka wapi. Mama Janat akafurahi na kulirudia mara kadhaa. Eucabeth akakohoa. Huenda ni mafua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetazama kamusi. Ni kusukumana. Ni kupigana vikumbo, kama watu wanaong'ang'ania kupita mlango mmoja. Maana ya pili ni kuwania nafasi, kama wanasiasa uchaguzi unapokaribia. Maana ya tatu haipo. Nimeitafuta hata kwenye ukurasa wa pili, huenda ilivuka. Haikuvuka.

Nikaamua kunyamaza. Neno gumu, Mama Janat atalisahau.

Adhuhuri akapiga simu. Jumamosi anawapokea ukumbini wakwe wa binti yake Janat, wanaotoka Uingereza kwa ajili ya harusi. Atatoa hotuba fupi kwa Kiingereza, na neno la kuifungua ameshalipata. Akanishukuru. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Mama Janat kumwambia ukweli. Nilikuwa nimeazimia kabisa. Lakini shemeji yake, Abdirahman, alikuwepo, akasimama kunipa kiti. Akawaambia wateja kwamba huyu ndiye mwalimu aliyemfungua ulimi Mama Janat. Nikaletewa chai ya iliki na sambusa. Mtu atasema vipi ukweli mdomo ukiwa na sambusa?

Nikajaribu njia ya pembeni. Nikamshauri atumie "welcome". Akasema hilo limeandikwa kwenye kila zulia la mlangoni, yeye anataka neno lenye uzito. Kisha akawaita shangazi wawili wa Janat kutoka chumba cha nyuma, wakasimama bega kwa bega, mkono kifuani, wakasema pamoja: "We jostle you."

Wanalitamka vizuri sana. Hilo ndilo linaloniumiza.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya. Nikamwendea Eucabeth nikamwomba, kwa heshima, aisome yeye hiyo hotuba Jumamosi, kwa kuwa lafudhi yake ni nzuri. Nilidhani akifika kwenye neno atalibadilisha mwenyewe, nami nitapona.

Akaniambia alinisikia Jumatatu. Akasema twende wote wawili kwa Mama Janat leo hii, atanisindikiza, jambo lenyewe ni dogo likisemwa mapema. Alisema kwa upole. Upole wa mtu anayenyemelea wanafunzi wangu, huo naujua. Nikakataa.

Nimemwambia mke wangu Nyamoita kwamba nyanya yangu wa Kebirigo ni mgonjwa na nitakuwa huko hadi Jumapili. Akauliza nyanya yupi, maana wote wawili tulishawazika. Nikasema ni nyanya wa upande wa binamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kebirigo. Nimejificha kwa dada yangu Esnah. Hajauliza kitu, amenipa kikapu tu nipeleke majani chai kwenye kituo cha kununulia.

Mvua ikaanza kunyesha kabla ya karani kufungua mizani. Kila mtu akataka kuingia chini ya paa na mzigo wake. Kiwiko kikanipata mbavuni. Kikapu kikanibana kisogoni. Mama mmoja akanisogeza kwa nyonga kama anayefunga mlango, nikajikuta nje kwenye tope, majani yamemwagika.

Hapo nikalielewa neno hilo kwa mwili mzima. Na hapo nikamwona akilini Mama Janat, akiwa na vitambaa vyake bora, akiwaahidi wakwe zake jambo hili.

Usingizi umenikataa. Asubuhi narudi mjini.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefika ukumbini Mama Janat amesimama tayari kwenye maikrofoni. Nilimpungia mkono asubiri. Akadhani namtia moyo, akatabasamu. Kisha akasema kwa Kiingereza safi kwamba familia yake imengoja mwaka mzima kwa hamu kubwa ya kuwa-"jostle" wageni hawa, mmoja mmoja, kuanzia na mama wa bwana harusi.

Wageni wakatazamana. Mama wa bwana harusi akavuta mkoba wake karibu.

Mimi nilikuwa na maana ya pili mfukoni. Ningeeleza kwamba familia inawania nafasi ya kuwakirimu. Nikaanza kuelekea maikrofoni, lakini watu walikuwa wamesimama kila mahali. Nikaingiza bega. Nikamsogeza mtu, nikamsogeza mwingine. Nikampiga Abdirahman kikumbo, naye alikuwa amebeba sinia la juisi ya maembe. Sinia likaenda lote mapajani kwa mama wa bwana harusi.

Alijitazama, akanitazama, kisha akauliza kwa utaratibu kama hiyo ndiyo "jostle" yenyewe au kuna nyingine inakuja. Wageni wakaangua kicheko. Mama Janat hakucheka. Akainama kwa binti yake, Janat akamnong'oneza. Nikauona uso wake ukibadilika.

Akairudia maikrofoni. Akasema kwa Kiswahili, polepole, Janat akiwatafsiria wageni, "Nilitaka kusema karibuni. Mmetoka mbali. Hapa ni kwenu." Mama wa bwana harusi akasimama, nguo ikimtiririka juisi, akaja kumkumbatia. Shangazi wakalia. Hata mimi macho yalinilowa kidogo.

Nilipokuwa natafuta mlango wa nyuma, Mama Janat akanikuta.

"Mwalimu, maana yake uliijua lini?"

"Jumanne."

"Na Jumatano ukanywa chai yangu."

Kisha akasema nisiondoke kabla ya kula, pilau iko tele. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Janat amehamia kwa Eucabeth. Alipita kwangu kuniaga, kwa adabu zake zote. Akasema amemuuliza Eucabeth maneno mawili leo, na moja Eucabeth amesema halijui, watalitafuta pamoja kesho. Alilisema kana kwamba ni sifa. Mwalimu asiyejua, na bado watu wanamfuata na viti vyao!

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa makini. Nimeligundua. Kosa langu ni Kiingereza. Hapa mjini kila mtu anakijua kidogo, na kamusi zake zimejaa kwenye kila simu. Mwalimu hana pa kujificha.

Basi ikawa kama majibu: saa kumi akaingia Shueib, anayeuza simu hapo chini. Anataka kwenda kutafuta kazi nchi za Kifaransa na hajui aanzie wapi. Nikamwambia amefika. Nikamwambia nimekuwa nikikifundisha kwa miaka, kimyakimya.

Nyamoita ameniuliza "habari za asubuhi" inasemwaje kwa Kifaransa. Nimemjibu kwamba salamu ni somo la muhula wa pili.

Tunaanza kesho. Ni kweli Kifaransa sikijui, lakini Shueib naye hakijui.