Nani Kamwambia Mgeni Habari za Ukoko?

Alhamisi ile Waziri aliingia mkahawani kwa Clémence akiwa na gazeti kwapani na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Hakusalimia mtu. Akaja moja kwa moja kwenye meza yetu, ile ya pembeni karibu na mlango wa jikoni, akavua kofia, akasema:

"Wazee, mechi imeuzwa."

"Nani kauguzwa?" Kengele akauliza. Huyu jina lake ni Firmin. Alikuwa mpiga kengele wa kanisa kuu miaka mingi, na masikio yake aliyaacha huko huko mnarani.

"Imeuzwa! Tumechomwa! Meza nzima!"

Waziri mwenyewe anaitwa Placide. Amegombea udiwani hapa kwetu Fribourg, Uswisi, kila uchaguzi na kila uchaguzi kaangukia pua, ila hotuba zake zote bado anazo. Akalikunjua gazeti na kusoma kama yuko jukwaani:

"'Ewe mgeni wa mji wetu, ukimaliza fondue yako usikimbilie kulipa. Chini ya chungu kuna ukoko wa jibini, mkavu, rangi ya dhahabu. Wenyeji wanauita mtawa. Huo ndio utamu wenyewe! Omba mwiko, ukwangue, ule.'"

Nilisikia saa ya ukutani, kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa Clémence.

"Wameandika hivyo? Na neno mtawa wamelitaja?" Majitaka akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa herufi nene."

"Basi tumekwisha."

Majitaka ni Canisius. Alifanya kazi kwenye kile kigari chetu cha mteremkoni kinachoteremshwa na uzito wa maji machafu ya mji wa juu, na jina likamganda kama harufu. Ni mpole, mwenye uso wa padri, na nilimwonea huruma kweli, kwa sababu ukoko ule kwake ulikuwa zaidi ya ukoko.

Mambo yalikuwa hivi. Wageni wakija mjini lazima wale fondue. Wanachovya mkate kwenye chungu cha jibini iliyoyeyushwa, wanachovya, wanapumua kwa shida, wanakipiga picha chungu, wanalipa, wanaondoka. Ukoko wanauacha chini wakidhani ni uchafu. Clémence, badala ya kuloweka chungu, alikuwa anatuletea sisi. Tumeishi hivyo tangu arithi mkahawa kwa baba yake. Kila Alhamisi tunakunywa mvinyo wetu mweupe taratibu, macho kwenye vyungu vya watu.

"Sasa nataka kujua," Waziri akasema, "nani kauza. Kengele, wewe ukinong'ona mpaka kule mji wa Bern wanakusikia."

"Mimi? Muulize Sindano! Fundi nguo huyu, akishampima mtu kiuno tu ameshamwambia siri zote."

"Siri gani ningemwambia?" nikaruka. "Mteja wangu wa mwisho alikuwa wewe, na ile suruali hujaja kuichukua mpaka leo!"

"Imenibana!"

"Suruali haijabana, ni ukoko wa bure!"

Clémence akatokea jikoni, mikono imejaa povu. "Acheni kelele. Ni mimi."

Tukamgeukia wote.

"Binti wa gazeti aliniuliza kitu gani kitamu hapa. Nimwambie nini, kitambaa cha meza?"

"Ungemwambia viazi vya kukuna na kukaanga!" Waziri akapiga meza.

"Hivyo ni vya watu wa Bern, siyo vyetu."

"Ndiyo maana! Wageni wangekwenda kujazana huko huko Bern, sisi tukapumua!"

"Waziri, ukipumua wewe mimi nafunga mkahawa," Clémence akasema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Jioni ile tuliona kwa macho yetu. Meza ya Wajerumani wakaomba mwiko. Meza ya Wahispania wakaomba mwiko, wakagombana, mpaka bibi mmoja akampiga mumewe kofi la mkononi. Chungu baada ya chungu vikapita mbele yetu kuelekea jikoni vinang'aa kama vimetoka dukani. Kengele alikuwa anavichungulia kila kimoja na kutikisa kichwa.

Ikabaki meza moja tu, dirishani. Mama wa makamo na binti yake, wageni kutoka Korea, wameshaweka uma chini.

"Hawa hawajasoma gazeti," Waziri akanong'ona. "Majitaka, nenda wewe. Una uso wa kuaminika."

"Nikaseme nini?"

"Waambie imeungua. Nenda bwana, watamaliza!"

Majitaka akaenda, akainama kwa heshima. Tukamsikia: "Samahani mama. Hiyo ya chini imeungua. Huku kwetu tunawapa paka."

Binti, kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, akamtafsiria mama yake. Mama akacheka mpaka akashika meza. Akasema maneno mengi, binti akageuka:

"Mama anasema, mama mkwe wake alimwambia hivyo hivyo kuhusu ukoko wa wali. Akaamini miaka na miaka. Siku moja akamfumania nyuma ya mlango, anautafuna peke yake."

Majitaka akawa mwekundu mpaka shingoni. Yule mama akachukua kisu, akaubandua ukoko wote kwa ustadi, mzima mzima, akavunja kipande kikubwa, akamnyooshea.

"Mama anauliza," binti akasema, "paka mwenyewe ndiye wewe?"

Majitaka akakaa. Eti akakaa! Akatupa mgongo, tukawa tunaona mabega yanavyocheza. Aliporudi alikuwa na chembe kwenye sharubu.

"Vipi?" Kengele akamkaba.

"Imeungua kweli."

"Msaliti mkubwa wewe! Jifute basi hata mdomo!"

Clémence akaja, akaweka mikono kiunoni. "Nyie wanaume wazima, mtaaibika mpaka lini? Ukoko si mnautaka? Agizeni chungu chenu."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Hatujawahi kula chungu kimoja sisi, hata siku moja, maana hatujawahi kukubaliana.

"Sawa," Waziri akasema. "Nusu-nusu. Nusu jibini ya Gruyère, nusu ya vacherin. Kama binadamu."

"Gruyère iwe nyingi zaidi," nikasema.

"Na vitunguu saumu viwili," akasema Kengele.

"Kengele, kitunguu saumu kinapakwa tu kwenye chungu, hakiliwi!"

"Nani haliwi?"

Majitaka akaweka bilauri chini. "Vacherin tupu," akasema.

"Aaa, hiyo laini ni ya wagonjwa, usituletee!" Waziri akaruka.

"Vacherin tupu." Alisema bila kupandisha sauti. "Nyie mna wake zenu nyumbani. Tangu mke wangu Berthe amefariki mimi sijakaa mbele ya chungu cha fondue. Fondue ya mtu mmoja haipo. Alhamisi ndiyo naonja, tena masalio ya watu. Berthe alikuwa anapika vacherin tupu. Leo nataka hiyo."

Nani angebisha? Waziri akajifanya anatafuta kitu kwenye kofia yake.

"Vacherin tupu," nikamwambia Clémence.

Clémence akatutazama mmoja mmoja. "Tupu kabisa? Mna uhakika?"

"Tupu!" tukaitikia wote, na Kengele akaitikia zaidi.

Akaenda zake, na naapa alikuwa anacheka.

Tulikula vizuri jamani. Jibini laini, vuguvugu, tukachovya mkate, tukachovya viazi, Waziri akasahau kuhutubia. Majitaka alifumba macho kwenye tonge la kwanza na hakuyafumbua mpaka alipomeza. "Ni yenyewe," akasema. Basi. Tulifurahi.

Halafu tukafika chini. Waziri akashika kisu, akakiinamia chungu. Akachungulia. Akachungulia tena.

"Uko wapi?"

"Uko wapi nini?"

"Ukoko!"

Chungu kilikuwa cheupe pe. Ndipo kila mmoja wetu akakumbuka kile ambacho hata mtoto wa huku kwetu Mji wa Chini anakijua: vacherin tupu inayeyushwa kwa maji na kuwekwa juu ya kimshumaa, maana ikichemka tu inaharibika. Sasa ukoko utokee wapi?

Tukamgeukia Majitaka. Alikuwa anafuta uma kwa kipande cha mwisho cha mkate, ametulia kama mtoto aliyeshiba. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtukana.

Yule mama wa Kikorea na binti yake walikuwa wanatoka. Wakapita mezani kwetu. Mama akakitazama chungu, akatutazama sisi, akaweka mkono kifuani, akasema neno.

"Mama anasema hongereni," binti akatafsiri. "Leo ndiyo ameona watu wanaojua kula ukoko. Hamkubakiza hata chembe!"

Waziri akasimama. Akavaa kofia, akainama taratibu kama anayeapishwa.

"Mwambie mama, hapa kwetu tunafundishwa tangu utotoni."