Viti vya Akina Mama Katika Uwanja wa Dioniso

Mheshimiwa Kuhani wa Dioniso, mkalia kiti cha marumaru. Waheshimiwa waamuzi wa mashindano ya maigizo. Mheshimiwa mfadhili wa waimbaji, ambaye mvinyo wake tunauonja tangu asubuhi. Wazee wa kitongoji, wapiga makasia wastaafu, nanyi wanaume wenzangu nyote, itifaki ikizingatiwa: kwanza tumshukuru mungu wa zabibu aliyetufikisha sikukuu hii tukiwa hai na wenye kiu. (Makofi.)

Mimi Kleeneto mwana wa Fano, Mkuu wenu wa Kitongoji, nasimama kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa Mradi wa Viti vya Akina Mama, niliouahidi sikukuu iliyopita kwa bibi Filina, yule mjane aliyesimama nje ya uzio, ambaye ombi lake lilikuwa dogo: aketi humu ayasikie maombolezo ya mwanawe aliyezama vitani, maombolezo ambayo yeye mwenyewe amewafundisha waimbaji wetu akiwa ndani ya nyumba na wao wakiwa nje, mlango ukiwa umefungwa, kama heshima inavyotaka.

(Sauti ya Filina: “Miguu inaniuma, baba! Viti viko wapi?”)

Swali zuri, bibi, nami nalipokea kwa mikono miwili. Kwa mujibu wa sera yetu shirikishi, tuliunda Kamati ya Wadau wa Masuala ya Wanawake, yenye wajumbe wanaume watupu ili pasiwepo upendeleo, nayo ikafanya tathmini ya kina na kubaini kwamba asilimia tisini na tisa ya akina mama wameridhika kubaki nyumbani wakisokota sufu, takwimu ambazo tulipewa na waume zao.

(Sauti: “Na hiyo asilimia moja, mkuu?”)

Ni mke wangu. (Kicheko kirefu.)

Aidha, wapo wanaouliza kwa nini malkia, mjane na binti wa kutolewa kafara waigizwe na wanaume wenye ndevu. Ndugu zangu, nani amjuaye mwanamke kuliko mwanamume aliyevaa kinyago chake? Mimi mwenyewe ujanani niliigiza mama mfiwa, nikalia kwa ufanisi mkubwa, hata waamuzi wakaniomba ninyamaze. (Sauti: “Tunakumbuka!”) Na bado ofisi yangu haikulala: tumejenga uwezo, tumeimarisha mkakati, tumeketi vikao vingi sana kuhusu kuketi.

(Filina: “Mmeketi nyinyi! Mimi je?”)

Kinyago juu! (Umati: “Juu!”) Viti kwa akina mama! (Umati: “Sikukuu ijayo!”)

Namalizia kwa shukrani za dhati: kwa mafundi, watakaoteuliwa; kwa mbao zetu, ambazo kwa sasa zingali misonobari yenye afya njema mlimani; na kwa bibi Filina, kwa ubao huu mpana ninaosimama juu yake ili mnione, ambao ndio ubao pekee wa mradi mzima, nao ni ule mlango wake, tuliouazima alfajiri. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Filina anavuka uzio na kuingia. “Basi shuka, baba, nikalie mlango wangu.” Kiongozi wa waimbaji anavua kinyago cha mama mfiwa: “Shuka, mheshimiwa. Mwalimu wetu asipoketi, hatuimbi.” Mheshimiwa anashuka.)