Ombi la Kurudishiwa Matope ya Njia ya Kimbiji

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mama Margareta,

Shikamoo. Natumai wewe na kamati yako mmeamka salama. Sie huku bondeni ni wazima, isipokuwa mimi.

Mwaka juzi niliuza minazi ya urithi nikanunua Landrova ya Mwingereza, ya mwaka 1974, kwa fundi Venance wa Temeke. Mke wangu, Tabu, aliniuliza, "Baba Raudha, umeuza minazi ununue bati lenye magurudumu?" Nikamwambia asubiri masika. Masika yalipofika, njia ya Kimbiji ikawa uji, magari ya wenzangu yakalala, langu likapita. Nilibeba wagonjwa, maharusi, maiti wawili na mtungi wa gesi wa mwalimu mkuu. Watu walionizidi umri wakawa wananiamkia.

Mwezi uliopita mkaleta greda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikushirikishwa. Ni kweli mkutano wa barabara ulifanyika, nilihudhuria na nilipiga makofi, lakini hakuna aliyeniuliza kama nina gari la matope.

2. Tangu kifusi kishindiliwe, jirani yangu Audax ananipita na kigari chake chenye matairi kama visahani vya chai, huku ananipungia mkono. Zamani alikuwa ananipungia kuomba nimvute. Mkono ni uleule, maana imebadilika.

3. Landrova kwenye njia laini inaumbuka. Usukani unataka mabega ya watu wawili, upepo unaingia mlango huu unatokea ule, na abiria hawasikilizani. Kwenye matope kelele zile zilikuwa ushujaa. Sasa ni kelele.

4. Jumamosi nilisimama njia panda tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, injini ikiunguruma, nikisubiri wa kumsaidia. Alisimama mtu mmoja tu, akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikasema hapana. Akanisukuma hivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba mita mia mbili zifumuliwe na kumwagiwa maji kila Jumatatu. Pipa nitatoa mimi. Ikishindikana, lichimbwe shimo moja la heshima, kina cha goti. Na hilo nalo likishindikana, basi mtaa utoe tamko la maandishi kwamba matope yalikuwepo, na kwamba mimi niliyapita.

Wasalimie wajumbe wote, na mwendesha greda pia. Sina ugomvi naye. Kazi yake ameifanya vizuri, na hilo ndilo tatizo.

Wako mtiifu, niliyekwama kwenye barabara nzuri,

Twalib Marijani

N.B. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha leo asubuhi, binti yetu Raudha aliposhikwa na uchungu. Nilikimbilia Landrova. Nikiwa bado napasha injini moto, mama yake akasimamisha bajaji. Dakika kumi na mbili wakawa zahanati. Mimi nilipofika, mjukuu alikuwa ameshafika. Mkunga, Bi Yuliana, anasema kitovu kilimzunguka shingoni, na wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Nimekaa hapa nje naandika kwa kalamu yake. Barua naileta kwa sababu nimeshaiandika. Ipokee, Mama, lakini usiitekeleze.