Vumbi na Vita vya Meno ya Chanuo

Tulieni, enyi mliowahi kusimama mbele ya kaunta mkitikisa vichwa kama mnaoelewa. Sogezeni viti, msikie habari za Vumbi, Bwana wa Msasa, Tishio la Zulia la Sebule, aliyepewa jina hilo na dada yake mkubwa kwa unga wote wa mti aliowahi kuyapulizia makochi.

Shujaa huyu alimwahidi mama yake chanuo la mti, la kuchonga mwenyewe. Nywele za mama zilikuwa zimenyonyoka zote wakati wa matibabu, na sasa zilikuwa zinarudi, laini kama manyoya ya kifaranga. Lakini kila Vumbi alipofika kwenye meno, msumeno wa mkono uliyang'oa bila huruma wala ganzi. Ndipo akaapa kutafuta kimashine cha umeme, kile cha kushika mkononi, kinachokata, kutoboa na kusaga kwa kubadilishwa kichwa tu.

Akaingia dukani kifua mbele, dada nyuma yake kama jeshi la akiba, mkoba wa matumizi ya nyumba kwapani.

Mwenye duka akainua sanduku jeusi lenye vichwa vingi kuliko kikao cha ukoo. "Simba huyu, kijana! Anakata chuma, anakata vigae, anakata zege!"

Moyo wa Vumbi ukapiga ngoma. "Ewe mashine, mama wa ngurumo," akanena, mkono kifuani, "ulikuwa wapi siku zote za dhiki yangu?"

"Vumbi, unataka kumchana mama au kumbomoa?" dada akauliza. "Na kwa bei hiyo, mwezi mzima tutakula hivyo vigae."

Sasa, ilikuwa sheria ya duka lile kwamba hakitoki kitu bila kujaribiwa kwenye soketi. Vumbi akachomoa mfukoni chanuo lake pungufu. Simba akachomekwa, akanguruma, akaruka. Jino likapaa angani na kutua katika chai ya mwenye duka. Dada akaangua kicheko.

"Lilikuwa limelegea," mwenye duka akasema, akiliopoa kwa kalamu.

Shujaa akainamisha kichwa kwa aibu, na katika kuinama kule akaona, rafu ya chini kabisa, kimashine chembamba kama karoti, vichwa vyake vichache, bei yake ya kibinadamu.

"Hicho hakina nguvu, bwana mdogo."

"Mwendo wake unapunguzwa?"

"Unapunguzwa, lakini..."

Vumbi akakishika kama kalamu, akapunguza mwendo hadi kikavuma kama nyuki mwenye usingizi. Dada akaacha kucheka. Kijisumeno cha kichwani mwake kikazama kwenye chanuo taratibu, kikatoka, na jino likabaki wima.

"Limesimama!" akalia Vumbi, kama aliyeteka mji.

"Mfungie hicho, kaka," dada akamwambia mwenye duka, akifungua mkoba na kupangusa macho. "Duka lako nalo lina vumbi."

Jumamosi mama akalipokea chanuo, akaligeuzageuza. "Mwanangu, nywele zenyewe hazijafika hata kushikwa." Akalipitisha kichwani polepole, akafumba macho. "Ila linakuna vizuri, jamani. Acha lizisubiri."

Basi wanaoandika habari za nyakati na waandike: siku ile sebule nzima ilikuwa nyeupe kwa unga wa mti, na dada mkubwa, kwa mara ya kwanza tangu zulia lile litandikwe, hakumwita mtu kuja kufagia.