Hotuba Yangu kwa Timu ya Wenyewe

Leo nimejivua nguo mbele ya timu mbili kwa mpigo. (Si nguo za mwili. Hizo bado ninazo, ingawa saa hii hazinisaidii.)

Wacha niwaambie mwenyewe vile ilikuwa, kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Kaptembwo wakiiongezea chumvi.

Wengi wenu mnajua mimi ni kochi wa Vumbi Stars. Ligi yetu ni ile ya chini kabisa, ile ambayo refa hufika na bodaboda, na ng'ombe akiingia uwanjani mpira unasimama mpaka apite. Korona ilipokuja tulikuwa katikati ya msimu na, kwa mara ya kwanza tangu nianze ukochi, tulikuwa nafasi ya pili. Ya pili! Halafu tukaambiwa michezo yote isimame. Tukadhani ni ya wiki chache.

Timu ikatawanyika. Kiprono, kapteni wetu, akapata kibarua Olkaria kwenye mitambo ya mvuke. Wengine wakarudi kwao mashambani. Mimi nilikuwa nafundisha michezo shule moja hapa Nakuru, na shule zilipofungwa kazi ikaisha, nikaenda Molo kwa baba mkwe kulima waru, yaani viazi. (Kuishi kwa mkwe ukiwa huna kazi ni ligi ngumu kuliko yetu.)

Lakini sikuacha ukochi. Kila jioni nilikuwa napanda juu kwa shamba, pale penye network, natuma voisi kwa grupu ya WhatsApp ya timu. Leo ni push-up! Leo ni kukimbia! Nani hajatuma video? Nilikuwa mkali, nakubali. Wengine wakaondoka kwa grupu kimya kimya. Mama Shiru, meneja wetu, ambaye pia ndiye hufua jezi na kutupigia kelele kuliko mimi, akawa anatafuta vijana wapya na kuwaongeza. Kwa hivyo michezo ilipofunguliwa, nusu ya timu yangu ilikuwa watu ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Nawajua kwa sauti na kwa zile picha ndogo za profile. Mmoja ameweka simba.

Mechi ya kwanza ikapangwa iwe leo, nyumbani kwetu, tucheze na Kiboko FC ya Kihoto, kule Naivasha. Juzi Kiprono akaniandikia: "Kochi, hii ndio yangu ya mwisho. Nimechoka kungojangoja ligi." Wachezaji wengine wawili wa zamani wakasema hivyo hivyo. Hapo nikajua hii si mechi tu. Hao watatu wakienda, hakuna Vumbi Stars tena.

Nikaanza kutunga hotuba. Nilikuwa naifanyia mazoezi nikikama ng'ombe wa mkwe. Ng'ombe alisikiliza vizuri sana.

Leo basi nikatoka Molo mapema, gari likaharibika njiani, Salgaa, nikafika uwanjani nimechelewa, natoka jasho. Timu zilikuwa zimepewa madarasa ya shule ya msingi iliyo kando ya uwanja kubadilishia nguo. Na kulikuwa na sheria mpya: maski kwa kila mtu mpaka mpira uanze. Nikachungulia darasa la kwanza nililofikia. Jezi za kijani! Zetu! Zile za zamani zenye kola zilizochanika. Vijana wamekaa kwa madawati ya watoto, magoti yamekaribia kidevu, maski zimepanda mpaka machoni.

Nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Vijana, sasa?"

"Poa," wakajibu, polepole. Nikafikiri ni woga wa mechi.

Sikumwona Kiprono, nikajua ameenda kuongea na refa. Sikumwona Ode, kipa wetu, nikajua ako nje anapasha misuli. Hao wengine, basi, ni wale wangu wapya. Nikavuta pumzi.

"Sitaanza na mpira," nikasema. "Nataka niwaambie kitu ambacho sijawahi kuwaambia. Kule Molo kulikuwa na jioni nilikuwa napanda ule mlima nikijua hakuna mtu atanijibu. Natuma tu. Mlidhani nawafuatilia kama mnafanya mazoezi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia kama bado mko. Mtu akituma video anaruka kamba kwa sitting room ya mama yake, siku hiyo mimi nalala. Nilikuwa nawapigia kelele kwa sababu niliogopa nikinyamaza, kimya hicho hakitaisha."

Kijana mmoja wa mbele akajifuta macho kwa ukingo wa maski. Mwingine akainamisha kichwa.

(Nikajiambia: kochi, umeiva.)

Ningekomea hapo, leo ningelala nikiwa mtu wa maana. Lakini kochi ni kochi. Nikachukua chaki.

"Sasa mpira. Hawa watu wa Kihoto wasiwatishe. Sisi shida yetu ni moja. Ode hajui kama ninajua, lakini mpira wa juu ukitoka upande wake wa kulia, haoni vizuri. Kwa hivyo mabeki, mumfunike pale. Mmeelewa?"

Walielewa! Walisogea mbele wote. Mmoja akamnong'onezea mwenzake kitu. Sijawahi kupata vijana wasikivu hivyo maishani mwangu.

Nikachora ukutani... samahani, ubaoni. Nikaonyesha kona zetu tunazipigaje. Nikaonyesha nani atapiga penalti na atapiga upande gani. Nikamalizia na wapinzani.

"Na yule beki wao mkubwa, namba tano. Korona imemnenepesha, na goti lake la kushoto ni bovu. Mpitieni huko huko mchana kutwa."

Mkono ukainuka kule nyuma.

"Kochi, ni la kulia."

"Ni la kushoto. Nimeulizia kwa watu."

"Ni la kulia, kochi."

"Kwani wewe umejuaje?"

Akasimama. Dawati likasimama naye kwa sababu alikuwa amekwama.

"Ni langu."

Jamani.

Mlango ukafunguka, Mama Shiru akaingia na jagi la maji. Akaniangalia. Akaangalia ubao.

"Kochi! Unafanya nini na wageni? Timu yako iko darasa la pili!"

"Lakini jezi..."

"Ziwa Naivasha liliingia kwa nyumba walimokuwa wameweka zao, zikaenda na maji. Nimewaazima zetu za zamani. Si nilikutumia voisi?"

(Ni kweli alituma. Iko kwa simu mpaka sasa, sijaifungua. Mimi, mtu wa kugombeza watu kwa grupu kwa sababu hawasikilizi voisi!)

Lile darasa lilipasuka. Walipiga madawati kama watoto wa nasari. Mmoja alilala kabisa chini. Mimi nilisimama pale na chaki mkononi, natafuta duster nifute siri zetu, na duster haikuwepo. Nikafuta na mkono wa shati.

Kochi wao, mzee mmoja mpole ambaye alikuwa amekaa kwa kona nyuma ya mlango muda huo wote, akanisogelea. Nikamwuliza kwa nini hakunisimamisha.

"Mwanzoni nilidhani ni ukarimu wa wenyeji," akasema. "Halafu ukafika kwa ile ya kipa, nikaona ni vibaya kukukatiza."

Namba tano naye akajinasua kwa dawati, akanipa kiwiko tugonge, vile salamu ni siku hizi za korona.

"Kochi, ile sehemu ya kwanza ilikuwa ya ukweli," akasema. Hakuwa anacheka tena. "Sisi kule Kihoto maji ya ziwa yalitutoa kwa nyumba katikati ya hii korona. Kuna wenzetu hapa bado wanalala kanisani. Mtu hajawahi kutuambia anaangalia kama bado tuko." Akavuta maski juu. "Ile ya kunenepa tutaongea uwanjani."

Nikatoka nje nikiangalia viatu vyangu.

Na hapo chini ya dirisha, ambalo halina kioo hata kimoja, ndipo nikakuta timu yangu. Yote. Walikuwa wamesikia kelele wakaja kuchungulia, wakabaki kusikiliza. Ode alikuwa mbele, glavu mkononi.

"Kochi, kumbe unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya korona."

"Na bado unanipanga?"

"Si wewe ndio kipa wangu."

Akaanza kuvaa glavu, moja baada ya nyingine, polepole. Kijana mmoja ambaye simjui sura akasema, "Hayo maneno matamu umepatia Kihoto. Sisi tunapewa push-up." Nilimtambua kwa sauti. Ni yule wa simba.

Nikajaribu kuanza tena. "Vijana, nilikuwa nataka kusema..."

Kiprono akaniwekea mkono begani. "Wacha, kochi. Tumesikia yote. Wewe panga timu tu."

Sasa mtauliza mechi iliendaje. Mnafikiri iliendaje? Bao la kwanza, mpira wa juu, kulia kwa Ode. Bao la pili, kona, mpira wa juu, kulia kwa Ode, na aliyeupiga kichwa ni namba tano. Alikuja mpaka mbele yangu kushangilia akijipapasa tumbo. Sisi tulipata moja, kwa kupitia upande wa goti la kulia. (Habari ni habari.)

Tukapigwa mbili kwa moja. Lakini mambo fulani sikuyatarajia. Kila mpira ukienda juu, timu zote mbili zilikuwa zinaita "Kulia, Ode, kulia!" na Ode mwenyewe anacheka. Sikuwa nimesikia vijana wakicheka pamoja tangu ligi isimame. Kwa simu hakuna kicheko, kuna zile sura za manjano tu.

Baada ya mechi nilimfuata Kiprono akifungua viatu.

"Sasa, hii ilikuwa ya mwisho?"

Akatikisa vumbi kwa soksi. "Nitaachaje sasa, kochi? Lazima nijue wiki ijayo utahutubia nani."

Wale wawili wengine waliweka viatu vyao kwa gunia la Mama Shiru pamoja na vya wenzao, na mtu anayeondoka huenda na viatu vyake. Jumatatu nampeleka Ode akapimwe macho. Amekubali, mradi nisitangaze. (Nimechelewa.)

Chekeni, siwazuii. Lakini kama kuna neno zuri umewawekea watu wako, wapatie mapema. Ila kabla ya kufungua mdomo, waombe kwanza washushe maski.