Tafadhali Papa, Usinipe Tena Jogoo wa Noeli

Kamalondo, Lubumbashi
Katikati ya Desemba

Kwa Papa Ézéchiel, mwenye depo ya unga na sukari

Mheshimiwa Papa,

Pokea salamu za mtu unayemwona kila asubuhi bila kumwona uso, kwa sababu uso wake uko chini ya mfuko. Ni mimi, Paluku Donat, mpakuaji wako, mtu wa kwenu Butembo. Sijambo. Shingo peke yake ndiyo inayolalamika, lakini hiyo itakuwa na barua yake siku nyingine.

Jumatatu, baada ya maombi na kabla ya kufungua kamyo la mifuko, ulituambia kwamba mtoto wako Emery, aliyerudi na diploma yake ya biashara, amekushauri uache kutupa matabishi ya Noeli: ule mfuko mdogo wa unga, ile chupa ya mafuta, na yule jogoo mzima ambaye kila mpakuaji humpokea kabla ya sikukuu. Emery anasema matabishi yanamharibu mfanyakazi. Yanamzoeza kutazama mkono wa patron badala ya kutazama kazi. Wewe ukasema hupendi kuamua peke yako kama mfalme, kila mtu alete maoni yake. Wenzangu walitazama viatu vyao. Guelord, ambaye hanyamazi hata akiwa chini ya sukari, alianza kufagia mlango wa depo. Ulipoondoka wote wakanigeukia. Walisema mimi nilifika sekondari kabla vita havijafunga shule yetu, kwa hiyo niandike.

Basi naandika, lakini kwa jina langu peke yangu. Wenzangu wanataka matabishi yaendelee. Mimi nimefikiri sana nikaona Emery anasema kweli, tena amesema kidogo mno. Kwangu jambo hili ni zito, kwa sababu ndilo litakaloamua siku ya Noeli nitakula wapi na pamoja na nani. Naomba usome mpaka mwisho, hata wakikuita kwenye mizani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Foto. Matabishi yako, Papa, hayatolewi kwa siri. Tunapangwa mbele ya depo, kila mtu na mfuko kichwani na jogoo mkononi, Emery anatuambia tucheke, anapiga foto. Kabla jogoo hajatulia, foto imekwisha kuingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu. Kabla sijafika nyumbani, imefika Butembo. Mwaka jana dada yangu mkubwa alinipigia simu akaniuliza, kwa sauti tamu ambayo hakuwa nayo tulipokuwa watoto, kama huku Lubumbashi nimefungua biashara ya kuku. Nikamweleza kwamba ni jogoo mmoja tu. Akajibu kwamba matajiri wote walianza na mmoja. Mjomba naye aliitazama foto hiyo hiyo akasema nimenenepa. Papa, ule unene ulikuwa wa Guelord, aliyesimama nyuma yangu. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumbani anayeniuliza kama nimechoka.

2. Njia ya kurudi. Kutoka depo mpaka ninapopanga si mbali kwa mtu mwenye mikono mitupu. Kwa mtu mwenye jogoo ni safari, kwa kuwa jogoo hajui kujificha, anatangaza. Fundi viatu Anaclet, ambaye amevishona viatu vyangu mara nyingi hata sasa ni vyake kuliko vyangu, anainua kichwa na kuniuliza Noeli yake iko wapi. Ni haki yake. Nafungua mfuko, anachota unga kwa kopo. Mama anayenichotea maji naye ana kopo. Kinyozi naye ana kopo, ingawa kichwa changu mifuko yako ilikwisha kukinyoa bure.

Unga wenyewe siulilii sana. Ubaya uko mahali pengine. Mwaka mzima mimi ni mtu wa kuitwa "wee". Katika njia ile moja, kwa sababu ya jogoo, naitwa patron, na ninafurahi. Mwaka jana sikumpa Anaclet unga hivi hivi. Nilimsimamisha kwanza. Nikamtolea hotuba juu ya bidii, uaminifu na ubaya wa kuchelewa kazini, yeye ambaye kazi yake iko mlangoni kwake. Halafu nikaanza kumwombea, yeye, mke wake, sindano zake, mpaka jogoo akanidonoa mkono. Nilipofungua macho nilimwona Anaclet amesimama amefumba yake, kopo mkononi, akingoja niseme amina, sawasawa na sisi tunavyosimama mbele yako. Ndipo nikaelewa kwamba Emery hajafika mwisho wa mawazo yake. Matabishi yanamharibu anayepokea, sawa. Lakini anayetoa ndiye anayeanza kuharibika, tena akiwa amefumba macho.

3. Mama Constance. Hapa ndipo penye shida yenyewe. Mama Constance ni mwenye nyumba wangu, mjane wa mtu wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga. Mwaka wa kwanza nilipofika hapa uliponipa jogoo, sikujua nimfanye nini. Mbabula yangu ni ndogo, makaa yake yanachemsha chai tu. Nikampelekea Mama Constance anipikie, nikiwa na nia ya kuchukua paja langu na kurudi chumbani. Hakunipa paja. Alinionyesha kiti.

Papa, hivyo ndivyo mambo yalivyoharibika. Tangu hapo kila Noeli inanipasa kuvaa shati la kupigwa pasi. Inanipasa kukaa mezani chini ya picha ya marehemu, ambaye ananitazama kutoka chini ya kofia yake ya reli kama alivyowatazama wasio na tiketi. Mjukuu wake Princesse ananifundisha nyimbo zao za Noeli na kunigombeza nikikosea. Wananiuliza habari za mama yangu, anapenda nini, anapika nini, mvua kwao inanyesha namna gani. Mtu ananiwekea bukari, ugali wa huku, katika sahani bila kuniuliza kama nataka, na nikimaliza ananiongezea. Mimi nilikuja mji huu kubeba mizigo na kulala. Mwaka mzima nakula nimesimama, mlangoni mwa depo, na nimezoea. Baada ya siku ile moja inanichukua muda mrefu sana kuzoea tena. Hayo madhara Emery hakuyataja, kwa sababu yeye hajawahi kula amesimama.

Kuna na jambo jingine katika jambo hili, na naliandika kwa aibu. Jogoo anafika siku chache kabla ya sikukuu, na wajukuu wanamfunga kwenye mguu wa meza ya uani. Katika nyumba ile ni desturi kwamba mnyama wa sikukuu anapewa jina la aliyemtoa, kwa heshima. Aliyemtoa si mimi. Mimi nilimbeba tu, kama ninavyobeba vyote. Aliyemtoa ni wewe.

Kwa hiyo kila Desemba, Papa Ézéchiel anafungwa kamba mguuni katika uwanja wa Mama Constance. Watoto wanamwita Papa Ézéchiel aje ale makombo. Papa Ézéchiel anagombezwa kwa kuchafua ukumbi. Kisha asubuhi ya Noeli Mama Constance anatoka na kisu na kuuliza nani atamshika Papa Ézéchiel miguu. Hebu jiweke mahali pangu, mfanyakazi anayekula mkate wako, nikisikiliza watoto wakigombania shingo yako. Mwaka jana mdogo wao alitafuna, akatafuna, akasema Papa Ézéchiel ni mgumu. Nilikutetea. Nilimwambia huo si ugumu, ni uzee.

4. Matabishi yetu kwako. Lalamiko hili si langu, ni lako, ila naona hujapata nafasi ya kuliandika. Kama matabishi yanamharibu mtu, Papa, nina hofu juu yako. Kazi yetu ni kutoa mifuko kwenye kamyo na kuipanga ndani ya depo. Lakini kabati jipya la mkeo Mama Josée lilipofika kwenu Makomeno Jumapili, siku ya Yesu, likakataa kupita mlangoni, nani waliitwa? Mama mkwe wako alipokuja kutembea na masanduku yake, nani waliyapandisha? Mvua ilipozamisha gari la Emery katika tope, na Emery amekaa ndani ili asichafue viatu, nani walisukuma? Kila mara ulisema tukusaidie kidogo tu. Hicho kidogo tu, Papa, ndicho matabishi.

Na sisi tulikupa bila kukupanga mbele ya depo. Hatukukupiga foto ukiwa na kabati. Hatukukutolea hotuba. Tumekupa mwaka mzima, Noeli na si Noeli, na umekwisha kuzoea, mpaka siku hizi husemi tena "kidogo tu", unanyoosha kidole. Naona Emery hakuliona hili kwa sababu siku ile kioo cha gari kilikuwa kimejaa tope.

Kwa sababu hizo zote naomba kwa unyenyekevu kwamba, kuanzia Noeli hii, matabishi yakomeshwe, yale yanayoshuka na yale yanayopanda. Depo isitoe jogoo. Sisi tusitoe migongo baada ya saa ya kufunga. Gari la Emery likizama, lisubiri kiangazi. Dereva Chileshe, anayeleta kamyo kutoka mpakani, ana tabia ya kusimama nje na kupiga honi mpaka akina mama wanaouza mikate pale mlangoni waondoe beseni zao, asije akazikanyaga. Hilo hajalipwa kulifanya, aache. Anaclet ashone uzi niliomlipia na asiongeze fundo. Na Mama Constance, ambaye namlipa kwa kuta na mlango, asiniulize tena nimelalaje, kwa kuwa kulala kwangu hakumo katika kodi. Kila mtu atoe kile tu anacholipwa kutoa, halafu tuone kama mji huu utafika saa nne ya asubuhi. Mimi naamini utafika. Usipofika, Emery atatueleza.

Naishia hapa kwa sababu Chileshe amepiga honi, na beseni zinaondolewa. Nisalimie Mama Josée na kabati lake. Nisalimie Emery, na umwambie sina chuki naye, aliyenifungua macho ni yeye. Nisalimie mama mkwe akipiga simu, na masanduku yote. Guelord anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini, na akijua atanitupia mfuko.

Mfanyakazi wako mtiifu mpaka saa ya kufunga depo,

Paluku Donat

N.B. Papa, jana nilimsomea Mama Constance barua hii wakati alipokuwa akichambua maharage, ili anirekebishie mahali palipopotoka. Alisikiliza yote bila kusimamisha mikono. Mwishoni alisema imeandikwa vizuri, Kiswahili chake kama cha misa. Nikamweleza kwamba ukinikubalia, mwaka huu jogoo hatakuwako. Akapuliza maganda, akasema: "Jogoo akuwe ao asikuwe, weye kuya tu. Kiti yako iko."

Leo nimelibeba neno hilo, kwamba nije tu, tangu asubuhi, na ni zito kuliko sukari. Mtu mzima anaingiaje katika nyumba ya watu siku ya Noeli, mikono inaning'inia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti ambacho kimekwisha kuwa chake? Siwezi. Na nimejaribu tangu asubuhi kufikiri namna ya kutokwenda, nikaona hilo nalo siwezi.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu ni kweli na nayashikilia, ila tuyaanze mwaka kesho, au ule unaofuata. Mwaka huu toa jogoo. Toa na unga, Anaclet amekwisha kuosha kopo lake. Emery apige foto, nitacheka. Gari lake likizama, aniite.

Ombi langu ni moja tu. Ukienda kuwachagua sokoni, kwangu mimi chagua jogoo kijana, mwenye nyama laini. Unajua watoto watasema nini mezani, na mimi nimechoka kukutetea.